Pale Santuri Iliporuka

Kitale,
Jumanne, 14 Juni 2005

Kwako ndugu yangu Abdihakim,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumba yako, na kwamba biashara yako hapo Bungoma inakwenda. Sisi huku Kitale hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua haikutunyima mwaka huu, mahindi yamepita magoti, na baridi ya mlimani inatushika asubuhi mpaka tunakunywa chai tukiwa tumejifunga blanketi. Ukiuliza habari za afya yangu ni miguu tu inayonisumbua, lakini mwanamke anayekaribia hamsini asipoumwa na miguu si ataanza kushangaa?

Kwanza, pole. Nilisikia kwamba mama yako Hibo alifariki mwaka jana, wakati wa Ramadhani, na sikuja kukuhani. Sikutuma hata salamu. Niliogopa, basi, sina neno lingine. Mungu amrehemu na ampe pumziko jema.

Najua ukiona jina langu kwenye bahasha utataka kuitupa jikoni iwashe moto. Haki yako, siwezi kukulaumu. Lakini nakuomba kwa heshima ya huyo mama yako usome mpaka mwisho, maana habari niliyo nayo ni yake kuliko ilivyo yangu. Nimempa binti yangu Wacuka aje nayo mkononi, pamoja na kifurushi. Hicho kifurushi usikiweke juani, na mtu asikikalie. Wacuka alikuwa ameniambia nikupigie simu tu, ati nani bado anaandika barua siku hizi. Nikamwambia kuna maneno mtu anafaa kuyasoma peke yake, ayarudie, alie akitaka kulia, bila mwingine kumpumulia sikioni.

Mimi ni Viola Nasambu, binti ya Mzee Wamalwa wa Lugulu, yule mpiga litungu la nyuzi saba. Tulionana mara moja tu ya kuonana kweli, siku tulipomzika Baba. Ulikuja na kanzu nyeupe na kofia, ukapita katikati ya watu wote wale bila kuogopa macho yao, ukasimama mbele ya wazee wa ukoo. Hukuitisha shamba wala ng'ombe. Ulisema mama yako amekuambia kwamba Mzee alikutaja miongoni mwa watoto wake katika ule wimbo aliouimba kwenye santuri, na kwamba yeye Hibo aliusikia kwa masikio yake, redioni, siku ulipopigwa. Ulichoomba ni santuri ichezwe watu wasikie.

Unajua kwetu mambo haya hayafanyiwi mchezo. Mtoto ni wa mtu siku mtu huyo anapomtaja kwa kinywa chake mbele za watu. Na mpiga litungu akishataja watoto wake ndani ya wimbo, mzee gani atabisha tena? Kwa hiyo wazee walikubali. Wanjala, kaka yetu mkubwa, alileta gramafoni kwa haraka ambayo haikunipendeza hata siku ile. Baba akaimba, na yeye mwenyewe amelala pale kwenye sanduku. Akamtaja Wanjala. Akanitaja mimi Nasambu. Halafu tukafika pale santuri inaporuka, sindano ikakwaruza, wimbo ukatua mbele kwenye salamu za wajomba. Na sisi sote tukapiga makofi mawili.

Nataka uelewe yale makofi, kwa sababu najua yalikuuma. Hatukuwa tunakucheka. Ile santuri imeruka hapo tangu nikiwa shule ya msingi, na nyumbani kwetu kuruka ndiko wimbo wenyewe. Ikifika pale, kila mtu anapiga makofi mawili na kuendelea. Tumeimba hivyo arusini, tumeimba hivyo tukipukuchua mahindi. Hata majirani ambao hawana gramafoni wanaimba wimbo wa Baba na makofi yake. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba pale kulikuwa na maneno.

Basi makofi yakapigwa, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba njia ya mwongo ni fupi. Wewe ukageuka ukaenda zako bila kuaga. Baadaye watu walituambia kwamba ulipofika nyumbani ulimuuliza mama yako kwa nini alikutuma ukaaibike mbele ya maiti, na kwamba tangu siku hiyo hamkuzungumza tena vizuri, wewe na yeye, mpaka amekufa. Kama ni uongo wa watu, nisamehe. Kama ni kweli, ndiyo sababu naandika.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Marehemu mume wangu, Ndung'u, alikuwa na duka la santuri hapa Kitale, mpaka kanda zikaja zikalimaliza. Alipofariki aliniachia gramafoni na santuri za kujaza chumba, na aliniachia pia kazi ya kuzitengeneza, maana tulikuwa tukiifanya pamoja mezani jikoni. Wenye baa na wazee wa Endebess bado wananiletea zao. Nyingine zimekwaruzwa mpaka unauliza kama mtu alizilimia. Naziosha, nazinyoosha, nazifungulia njia sindano ipite. Wacuka ananicheka, ati watu wananunua CD na mama yake bado anapaka takataka gundi. Namwacha acheke, ada yake ya shule ilitoka kwenye hiyo gundi.

Mwezi wa pili Mama aliugua. Moyo umechoka, miguu ikavimba, akalazwa hapo hospitali ya Lugulu. Nilikwenda kumuuguza. Siku moja wengine walipotoka kwenda kunywa chai, alinishika mkono akaniambia niende nyumbani, nitoe santuri ya Baba chini ya kitanda chake, niipeleke Kitale, nitengeneze pale inaporuka. Mimi nikacheka! Nikamwambia, Mama, si hapo ndipo utamu wake? Hakucheka. Alisema anataka kuisikia nzima kabla hajaenda, na kwamba nisimuulize kitu. Mama akisema hivyo nani atathubutu kumbishia? Kwetu hata Baba alikuwa akitoka nje akakate kuni.

Wanjala alipoona nimebeba santuri alikasirika. Ati hiyo ni mali ya boma, haitoki, na ati kama haijaharibika kwa nini iende kwa fundi. Nilimwambia Mama ni mgonjwa, si mjinga, amenituma na nimetumika. Nikaifunga kwa leso nikaondoka. Huyo kaka yetu ana roho nzuri akishiba na akilala vizuri, lakini juu ya mambo ya boma la Baba huwa hashibi.

Nilifanya kazi ile polepole, mchana, karibu na dirisha. Kwanza niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikifuata mzunguko wa vifereji, maana ukisugua kwa kukata unaua sauti. Nikaisuuza kwa yale maji safi ya kuongezea betri ya gari, kwa sababu maji ya mfereji yanaacha chumvi. Halafu nikamwaga gundi nyeupe ya maseremala juu yake, nikaitandaza, nikaiacha mpaka ikauka kabisa, nikaibandua ikatoka nzima na uchafu wote wa miaka ile, moshi wa jikoni, vumbi la mahindi. Santuri ikang'aa kama siku Baba alipokuja nayo. Ndipo nikachukua lenzi ya Ndung'u nikaangalia ule mkwaruzo.

Ndugu yangu, nilikaa chini. Mimi nimeona mikwaruzo ya kila aina, ya watoto, ya walevi, ya sindano butu, ya paka. Mkwaruzo wa bahati mbaya huwa mwepesi, unapita juu juu na kwenda zake. Huu ulikuwa umechimbwa. Ulianza mahali pamoja, ukavutwa kwa mshazari kuelekea ndani, halafu ukarudiwa, ukarudiwa tena katika njia ileile, mpaka ukawa mfereji wenyewe. Sindano ikifika hapo haina hiari, inauingia, inabebwa mpaka upande wa pili, na yote yaliyo katikati inayaacha. Aliyefanya hivyo alijua anachotaka kuruka. Nikasema moyoni, kumbe hapa kuna mtu.

Kazi ilikuwa ngumu hapo. Kila mahali mkwaruzo ulipokata kifereji, ilibidi nichonge kijiti cha mwanzi kiwe chembamba kuliko sindano, niinue ukingo, nifungue ile njia ya zamani, chini ya lenzi, mpaka macho yanatoa machozi. Halafu naweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni uwe mzito, najaribu. Inaruka. Narudi na kijiti. Inaruka tena, lakini fupi zaidi. Nilianza kusikia vipande, nusu ya neno, litungu bila sauti, sauti bila litungu. Jumamosi moja asubuhi, Wacuka akifua nje, sindano ikapita. Ilipiga pa, pa, pa kwa kila mzunguko, lakini ikapita, na Baba akaimba yale ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa yeye anaimba kwa Kibukusu cha zamani. Baada ya kunitaja mimi, anasema hivi: kwamba ana mwana mwingine mjini, kule watu wanakoswali, na nyumbani kwa Hibo wanamwita Abdihakim, lakini yeye baba yake anamwita Khaemba, kwa jina la babu yetu. Anasema watu wasimpite njiani bila kumsalimu, kwa kuwa ni damu ya boma hili. Halafu anapiga litungu peke yake kidogo, vizuri sana, halafu ndipo zinakuja zile salamu za wajomba.

Niliicheza mpaka Wacuka akaja kuuliza kwa nini nalia. Nilikukumbuka ukiwa na ile kanzu. Nilimkumbuka mama yako, ambaye aliitwa mwongo mbele ya ukoo wetu wote na hakuwepo kujitetea. Nikajiuliza ni nani katika nyumba ile aliyekuwa na mkono wa namna hiyo. Nisikufiche, nilimfikiria Wanjala. Nilimfikiria kwa hasira mpaka nikashindwa kula.

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, aliagiza watu wote wa nyumbani wakutane Jumapili baada ya kanisa, na mimi nije na santuri. Wengine walidhani ni maombi. Walimkalisha kwenye kiti cha Baba, amefunikwa blanketi, miguu juu ya kigoda. Aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia niicheze, na nisiseme neno hata kidogo.

Ikaanza. Watu wakaanza kuimba nayo kama kawaida yao. Wanjala akatajwa, nikatajwa. Mikono yote ikainuka tayari kwa yale makofi mawili, na Baba akaendelea kuimba. Abdihakim, laiti ungekuwa pale uone ile mikono! Ilibaki juu, hakuna aliyejua aipeleke wapi. Jina lako likatajwa na Khaemba akatajwa, na litungu likapigwa. Wimbo ulipokwisha Wanjala alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema ati mimi nimeingiza maneno kwa mitambo ya Kitale. Mama akamwambia anyamaze. Akasema maneno hayo yalikuwa mle tangu mwanzo, na aliyeyaharibu ni yeye mwenyewe, Mama.

Alitueleza yote, akipumua kwa shida, na hakukubali tumpumzishe. Siku Baba alipoleta santuri kutoka Nairobi aliiweka kwenye gramafoni ya betri, akasikiliza mwanzo tu, akaona haifai kuisikia peke yake, akatoka mbio kwenda kuita majirani wa ng'ambo ya mto, na sisi watoto tukamkimbilia. Mama akabaki peke yake nayo. Akamsikia mume wake akiwataja watoto wake, akafurahi. Halafu akasikia jina la Hibo. Anasema hilo angelimeza, wanawake wa wakati wake walimeza mengi. Kilichomshinda ni Khaemba. Kwa maana yeye naye alizaa Khaemba, baada yangu mimi, akakaa naye mpaka akaanza kuketi, homa ikamchukua. Alikuwa amezikwa hapo nyuma ya jikoni, udongo haujashuka. Na Baba alikuwa amelichukua lile jina, bila kumwambia, akampa mtoto wa mwanamke mwingine, akaliimba ulimwengu mzima ulisikie.

Anasema hakufikiri. Aliona sindano ilipofika, akainua mkono wa gramafoni, akachomoa ukutani sindano ya kushonea magunia, akachimba. Baba aliporudi na majirani, wakaketi, santuri ikaruka. Nyumba ikawa kimya. Baba akamwangalia, naye akamwangalia. Na ili ule ukimya uishe, Mama akapiga makofi mawili. Sisi watoto tukaona ni mchezo, tukamfuata. Ndivyo yalivyoanza yale makofi ambayo tumeyapiga miaka yote hii.

Unaona, basi. Mama alikuwa na uchungu, na uchungu wake naujua, mimi nami ni mzazi. Lakini siku ile uliposimama mbele ya wazee alikuwepo, ameketi kwenye mkeka wa wafiwa, na alijua, na alinyamaza. Anasema hapo ndipo alipotenda dhambi kubwa kuliko ya sindano. Na Baba naye, Mungu anisamehe kumsema marehemu, alikuwa mwoga. Mtu anayeweza kukuimba redioni angeshindwaje kukushika mkono akuingize nyumbani? Alijua wimbo wake umetobolewa na akapiga makofi pamoja nasi mpaka kufa. Hiyo nimekasirika nayo, na sijui kama nitaacha.

Wanjala alitoka akaenda kwa ng'ombe na mpaka narudi Kitale alikuwa hajaniaga. Najua anachoogopa, ati mtu akishatajwa ataulizia shamba. Sitakudanganya kwamba atakupokea kwa ngoma. Lakini wazee walioitwa siku ya mazishi, wale waliobaki hai, Mama aliwatumia ujumbe mmoja mmoja waje wasikie kabla santuri haijaondoka. Wawili wameshakuja. Mmoja wao ni yule aliyesema njia ya mwongo ni fupi. Alisikiliza, akavua kofia, akaomba maji ya kunywa.

Sasa kuhusu kifurushi. Ni santuri yenyewe, na nijuavyo hakuna nyingine iliyobaki. Mama amesema ikae kwako, ichezwe katika nyumba aliyokuwa akiishi mama yako. Wacuka amekuja na gramafoni yangu pia, kwa hivyo usimruhusu kurudi kabla hujasikia. Sarafu iliyo kwenye mkono usiiondoe. Na zile pa, pa, pa utazisikia, mikwaruzo mirefu namna ile haiishi kabisa, fundi akikuambia inaisha anakudanganya. Sauti ipo chini yake. Ukiona huitaki nyumbani mwako, ivunje, hakuna atakayekuuliza.

Mama hakuniambia nikuombee msamaha. Alisema msamaha hauombwi kwa mkono wa mtu mwingine. Jambo aliloniagiza nikuulize ni moja tu, na nilimwahidi nitaliandika kama alivyolisema. Anataka kujua mama yako amezikwa wapi. Anataka kwenda amwambie Hibo kwamba alisema kweli. Anauliza kama mwanamke Mkristo anaruhusiwa kuingia kwenye makaburi yenu. Kama haruhusiwi, anasema haidhuru, umwonyeshe tu ni upande gani, ataongea kwa sauti akiwa nje ya ua. Lakini umjibu mapema, maana daktari ametuambia tusipange mambo ya mbali.

Wasalimie mke na watoto, uwaambie wana shangazi Kitale. Wacuka anakusalimu, ingawa atakuwa ameshakusalimu mwenyewe. Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Viola Nasambu Wamalwa